Umelipa mtu akushikie mtoto uende kazini Marekani? Namna ya kudai nafuu ya kodi kwa Fomu 2441

Nafuu ya kodi ya kuwa na mtoto wengi wetu tunaijua, ile ambayo kwa mwaka 2025 inafika dola 2,200 kwa kila mtoto. Hiyo ni kama inakuja yenyewe: unaandika jina la mtoto na namba yake ya Social Security, programu inamaliza. Iko nyingine isiyokuja bila kuitwa. Ni ya mzazi aliyelipa kituo, yaya, au mama wa jirani amlelee mtoto ili yeye afanye kazi, na inamhusu pia anayemlipia ulezi mume, mke au mzee asiyejiweza. Unaidai kwa Fomu 2441, inayoambatana na ritani yako ya kawaida, Fomu 1040.

Nafuu hii haipotei kwa sababu ya hesabu ngumu. Hupotea kwa kukosa namba ya mlezi na karatasi za malipo. Mtu amelipa dola mia moja na hamsini kila wiki mwaka mzima, taslimu, mkono kwa mkono mlangoni, na mwezi wa tatu anaambiwa na anayemjazia kodi: "Nani alipokea? Namba yake ya kodi ni ipi?" Hapo mazungumzo yanakwisha. Basi ukisoma sehemu moja tu ya mwongozo huu, soma hatua ya pili.

Kanuni zinazofuata ni za kodi ya shirikisho. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 ilibadilisha viwango kuanzia mwaka wa kodi 2026, kwa hiyo nitataja ya 2025 na ya 2026 pale zinapoachana.

Hatua ya 1: Angalia kama unastahili

Anza na anayelelewa. Mtoto awe chini ya miaka 13 siku alizokuwa analelewa, na awe ameishi nawe zaidi ya nusu ya mwaka. Akitimiza 13 mwezi wa Agosti, malipo ya Januari hadi siku ya kuamkia kuzaliwa kwake yanahesabika, na ukomo wa gharama haupunguzwi kwa sababu ya miezi iliyobaki.

Hapa kuna jambo linalowagusa waliotoka kwenye kambi za wakimbizi. Wengi waliandikishwa wakapewa 1 Januari kuwa tarehe ya kuzaliwa. Mtoto ambaye karatasi zake zinasema 1 Januari 2013 anatimiza 13 siku ya kwanza kabisa ya mwaka 2026, kwa hiyo mwaka huo hana hata siku moja ya kudai, hata kama wewe mama yake unajua vizuri alizaliwa wakati wa mavuno. IRS, yaani idara ya kodi ya shirikisho, inafuata karatasi.

Mtoto aliyebaki Nyarugusu, Kakuma au kwa bibi yake Nairobi hahesabiki, hata kama kila mwezi unatuma hela za kumlea. Sharti la kuishi nawe halina mlango wa nyuma.

Kwa mtu mzima, awe hajiwezi kimwili au kiakili, yaani hawezi kujivika, kujisafisha au kula bila msaada, au hawezi kuachwa peke yake kwa usalama wake au wa wengine. Naye aishi nawe zaidi ya nusu ya mwaka. Anaweza kuwa mume, mke, au mzazi unayemtegemeza. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau anayepelekwa kituo cha mchana ukiwa kazini anaingia, mradi angalau saa 8 kwa siku awe kwako nyumbani. Aliyehamishiwa nyumba ya wazee moja kwa moja haingii. Mama aliyekuja kukutembelea kwa miezi minne naye haingii.

Kila anayelelewa anahitaji namba: ya Social Security, au ITIN, ile namba ya kodi wanayopewa wasio na ya Social Security. Wengi hapa hukata tamaa mapema bila sababu. Nafuu ya mtoto ya dola 2,200 inataka mtoto awe na namba ya Social Security, lakini hii ya ulezi inakubali ITIN, kwa mtoto na kwa mzazi.

Kisha kazi. Lazima uwe na kipato cha jasho: mshahara, au faida ya biashara yako. Mkiwa wanandoa, lazima wote wawili. Kazi ya kujitolea bila malipo haihesabiki. Siku za kutafuta kazi zinahesabika, ila ukimaliza mwaka bila kupata kipato chochote cha kazi, hakuna cha kudai.

Mwenzi anayesoma muda wote kwa angalau miezi mitano ya mwaka anachukuliwa kana kwamba ameingiza dola 250 kwa kila mwezi wa masomo, au 500 kama wanaolelewa ni wawili au zaidi. Hivyo hivyo kwa mwenzi asiyejiweza. Kanuni hii inawaokoa wengi ambao mmoja yuko kiwandani na mwingine yuko chuo cha uuguzi.

Na zamu za usiku? Baba anafanya kazi mchana, mama anatoka kiwanda cha nyama saa kumi na mbili asubuhi na lazima alale. Malipo ya mlezi kwa saa ambazo baba yuko kazini na mama amelala yanakubalika. Kama unafanya kazi siku tatu tu kwa wiki, gawanya gharama kwa siku hizo, isipokuwa kituo kinakutoza wiki nzima utake usitake.

Mwisho, ndoa. Wanandoa hujaza ritani moja ya pamoja. Wakijaza mbalimbali kwa kawaida hawapati. Wasiofungwa na kanuni hii ni wale ambao mwenzi wao hakuishi nyumbani kwao kabisa kwa miezi sita ya mwisho ya mwaka, huku wao wakiishi na mtoto zaidi ya nusu ya mwaka na kulipa zaidi ya nusu ya gharama za nyumba. Mwenye mume anayesubiri viza Bujumbura au Goma asome sentensi hiyo mara mbili, kwa sababu anaweza kuwa anastahili huku amejiambia hastahili.

Waliotalikiana: anayedai ni yule ambaye mtoto alilala kwake usiku mwingi zaidi, hata kama mwenzake ndiye aliyepewa ruhusa ya kumwandika mtoto kama tegemezi. Hili huzua ugomvi, na mara nyingi mwenye haki ndiye anayenyamaza.

Hatua ya 2: Pata namba ya mlezi, na uipate mapema

Fomu 2441 inataka jina la mlezi, anwani, namba yake ya kodi, na kiasi ulichomlipa. Kituo kilichosajiliwa kitakupa karatasi ya mwaka mzima mwishoni mwa Januari bila kuombwa sana. Kanisa au msikiti wenye kituo usiolipa kodi hauhitaji namba: pale pa namba unaandika "Tax-Exempt".

Kazi iko kwa mama anayelea watoto nyumbani kwake. Wengi wetu tunamwamini kuliko kituo. Anaongea Kiswahili na watoto, anajua nani hali nyama ya nguruwe, na saa kumi na moja alfajiri mlango wake uko wazi. Lakini ukimwomba namba ya Social Security anaogopa, na ana sababu. Anafikiri utamchongea kwa serikali, au atapunguziwa msaada wa chakula, au kodi ya nyumba ya ruzuku itapanda.

Usimwombe Aprili kwa simu, ukiwa umekaa mbele ya mjaza kodi. Mwombe siku mnapokubaliana bei, ana kwa ana, kwa heshima: "Mama, nitakuwa nakulipa hivi kila wiki, na mwisho wa mwaka nitaandika malipo haya kwenye kodi yangu. Naomba unijazie karatasi hii." Karatasi yenyewe ni Fomu W-10, ukurasa mmoja, ina sehemu ya jina, anwani, namba na sahihi. Huitumi IRS, unaiweka kwenye faili lako. Nakala ya kadi yake ya Social Security, au ankara yenye jina, anwani na namba, nazo zinatosha.

Mweleze ukweli wote, usimfiche upande wa gharama. Ukiandika malipo yako, naye anapaswa kuandika mapato yake. Akibaki na faida ya dola 400 au zaidi kwa mwaka, atalipa kodi ya kujiajiri, asilimia 15.3, na huenda mapato hayo yakaangaliwa na ofisi ya msaada wa chakula. Hilo ni kweli. Lakini kuna upande wa pili ambao hakuna aliyemwambia. Anatoa kwanza gharama zake: chakula cha watoto, vitu vya kuchezea, sehemu ya umeme na pango. Mapato aliyoyatangaza yanamjengea pensheni ya Social Security, ambayo kwa kawaida inahitaji pointi 40, yaani kama miaka 10 ya kazi. Mwanamke aliyelea watoto wa mtaa mzima kwa miaka kumi na tano bila kuandika hata senti anafika uzeeni hana pointi. Na kama kipato chake ni kidogo na ana watoto wake, mapato hayo ya kazi yanaweza kumfungulia nafuu ya wenye kipato cha chini, inayorudishwa kwa fedha taslimu, pengine nyingi kuliko kodi aliyolipa.

Ambaye hana namba ya Social Security anaweza kuomba EIN, namba ya kodi ya biashara, au kutumia ITIN. IRS haidai mlezi awe na karatasi za aina fulani za uhamiaji. Inadai namba ya kodi.

Akikataa kabisa, bado hujapoteza. Andika jina na anwani unazozijua, pale pa namba andika "See Attached Statement", kisha ambatanisha maelezo mafupi kwamba uliomba, lini, na hakukupa. Hifadhi ujumbe wa simu uliomwandikia. IRS inakubali aliyefanya bidii ya kweli. Usibuni namba, na usikubali mjaza kodi abuni.

Kuna watu ambao hata wakikupa namba, malipo yao hayahesabiki: mwenzi wako, mzazi wa mtoto, mwanao ambaye hajafikisha 19 mwisho wa mwaka, na yeyote unayemwandika kama tegemezi. Hapo bibi ndiye anayewachanganya watu. Bibi anayejitegemea, unamlipa kweli kweli, anahesabika. Bibi unayemwandika kwenye ritani yako kama tegemezi hahesabiki, hata ukimlipa kwa hundi. Shangazi, binamu, mdogo wako: kanuni ni hiyo hiyo.

Kuhusu malipo yenyewe, acha taslimu ukiweza. Hundi au kutuma kwa simu, Zelle kwa mfano, kunaacha alama. Kama lazima iwe taslimu, nunua kitabu cha risiti na mlezi asaini kila wiki. Daftari lenye tarehe, kiasi na sahihi lina nguvu kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote.

Kama mlezi anakuja nyumbani kwako

Huyu ni jambo jingine. Yaya anayefanya kazi ndani ya nyumba yako, kwa saa unazopanga wewe, kwa kawaida ni mfanyakazi wako. Ukimlipa dola 2,800 au zaidi kwa mwaka 2025, unadaiwa kodi za Social Security na Medicare juu ya mshahara wake, unazipeleka kwa Jedwali H (Schedule H) la ritani yako, na unampa W-2, karatasi ya mshahara wa mwaka. Kiwango hicho hupanda karibu kila mwaka. Kwa mzazi wako wa kumzaa kodi hizi mara nyingi hazidaiwi, ingawa ziko hali zinazomrudisha ndani, kama vile wewe kuwa umetalikiana au mjane. Sehemu yako ya kodi hizo inaongezwa kwenye gharama za ulezi. Ukiwa hapa, tafuta mtaalamu. Si mahali pa kubahatisha.

Hatua ya 3: Jumlisha gharama zinazokubalika

Zinazoingia ni ada ya kituo, chekechea kabla ya kindagateni, ulezi wa kabla na baada ya saa za shule, kambi ya mchana wakati wa likizo ya kiangazi, na mshahara wa yaya. Chakula kinachotolewa na kituo ndani ya ada hiyo hiyo hakitolewi. Gari la kituo linalomchukua mtoto linaingia. Petroli yako haiingii. Ada ya kujiandikisha inaingia kama bila hiyo usingepata nafasi na mtoto akapokelewa.

Zisizoingia: karo ya kindagateni na madarasa ya juu yake, masomo ya ziada, shule ya kiangazi, na kambi ya kulala usiku. Ile kambi ya mpira ya mchana inaingia hata kama lengo lako lilikuwa mtoto acheze tu wakati wewe uko ghalani.

Kama jimbo linakulipia sehemu ya ada kwa ruzuku ya ulezi, unahesabu ulichotoa mfukoni mwako peke yake. Kituo kinaweza kukuandikia karatasi ya dola 11,000 wakati wewe ulilipa 1,300. Uliza ni nani alilipa nini kabla ya kuandika.

Kituo kinacholea zaidi ya watu sita kwa malipo lazima kiwe kinafuata sheria za jimbo na mji. Kisipofuata, gharama zake zinakataliwa, hata kama wewe hukujua.

Ukomo ni dola 3,000 kwa mmoja na 6,000 kwa wawili au zaidi. Yeyote anayelipa kituo Marekani atacheka: kiasi hicho hakijabadilika tangu 2003, isipokuwa mwaka 2021 peke yake, wakati wa korona, kilipopandishwa hadi 8,000 na 16,000 kisha kikashushwa. Hizo 6,000 si lazima zigawanyike sawa. Ukiwa na watoto wawili chini ya miaka 13, mmoja ukamlipia 5,500 na mwingine 500, unahesabu zote.

Hatua ya 4: Tazama kisanduku cha 10 kwenye W-2

Waajiri wengine wana akaunti ambayo unakatwa hela za ulezi kwenye mshahara kabla ya kodi. Kwenye makaratasi ya ofisi inaitwa Dependent Care FSA. Hadi 2025 ukomo wake ulikuwa dola 5,000 kwa familia. Kuanzia 2026 ni 7,500. Kiasi ulichoweka kinaonekana kwenye kisanduku cha 10 cha W-2.

Kilichomo humo kinatolewa, dola kwa dola, kwenye ule ukomo wa 3,000 au 6,000. Uliweka 5,000 na una watoto wawili: imebaki 1,000 ya kudai. Una mmoja: haijabaki kitu. Na hata kama hudai nafuu, kisanduku cha 10 kikiwa na namba lazima ujaze sehemu ya tatu ya Fomu 2441, la sivyo hela hizo zinageuka kipato kinachotozwa kodi.

Ipi bora? Hadi 2025 jibu lilikuwa rahisi kwa wenye pato la juu ya 43,000: akaunti ya kazini. Kuanzia 2026 hesabu imegeuka kwa wengi. Chukua wanandoa wenye watoto wawili na pato la dola 100,000. Nafuu inawapa asilimia 35 ya 6,000, yaani 2,100. Wakijaza akaunti 7,500, wanaokoa kodi ya mapato ya asilimia 12 na zile 7.65 za Social Security na Medicare, kama 1,474. Nafuu inashinda. Familia hiyo hiyo ikiwa na mtoto mmoja inapata nafuu ya 1,050 tu, na akaunti inashinda kama ada inafika 7,500 kweli. Fanya hesabu hii wakati kampuni inafungua uchaguzi wa mafao, kwa kawaida kati ya Oktoba na Desemba, maana baada ya hapo kwa kawaida unafungwa mwaka mzima, labda litokee badiliko kubwa kama kuzaa. Na hela usizotumia kwenye akaunti hiyo zinapotea.

Hatua ya 5: Piga hesabu, na uwe mkweli kuhusu sifuri

Chukua kilicho kidogo kati ya vitatu: gharama ulizolipa mpaka ukomo, kipato chako cha kazi, na kipato cha mwenzi wako. Kizidishe kwa asilimia inayotokana na pato lililo mstari wa 11 wa Fomu 1040.

Kwa 2025, asilimia ni 35 kwa pato lisilozidi 15,000, kisha inashuka moja kwa kila dola 2,000 au sehemu yake, mpaka 20 kwa wanaozidi 43,000. Kwa 2026 inaanzia 50, inashuka kwa mwendo huo huo mpaka 35, inatulia hapo hadi pato la 75,000, au 150,000 kwa wanandoa wanaojaza pamoja, kisha inashuka tena mpaka 20.

Mfano wa 2025. Mama peke yake, mkuu wa kaya, mtoto mmoja, pato 38,000, amelipa kituo 4,800. Anahesabu 3,000. Asilimia yake ni 23. Nafuu ni 690. Punguzo la kawaida, yaani sehemu ya pato isiyotozwa kodi, kwa mkuu wa kaya mwaka huo ni 23,625, kwa hiyo kodi yake ni kama 1,438, inatosha kumeza 690 yote. Na kwa kuwa nafuu ya ulezi hutolewa kabla ya ile ya mtoto, sehemu kubwa zaidi ya dola 2,200 inabaki kumrudia kama fedha. Marejesho yake yanaongezeka kwa zile 690 kamili.

Sasa mama wa pili, hali ile ile, pato 22,000. Jedwali linamwahidi asilimia 31, yaani 930. Atapata sifuri. Pato lake liko chini ya punguzo la kawaida, hana kodi ya mapato, na nafuu hii hairudishwi kama fedha. Inafuta kodi iliyopo, basi. Ile asilimia 35 ya 2025, na 50 mpya ya 2026, zimeandikwa kwa watu ambao karibu wote hawana kodi ya kufutiwa. Kwa maoni yangu huo ni ukarimu wa kwenye karatasi, na wanaotangaza "asilimia 50!" mitandaoni wangefanya vizuri kusema hilo pia. Mama huyu bado ana nafuu ya mtoto na ya wenye kipato cha chini, zinazorudi kwa fedha, na pengine ana ya jimbo, tutakayoifikia.

Hatua ya 6: Jaza fomu

Kama una namba kisanduku cha 10, anza na sehemu ya tatu. Vinginevyo:

Sehemu ya kwanza ni ya mlezi: jina, anwani, namba, kama alikuwa mfanyakazi wa nyumbani kwako au la, na kiasi. Walezi wakiwa zaidi ya nafasi zilizopo, ambatanisha karatasi.

Sehemu ya pili ni ya wanaolelewa na hesabu. Jina na namba viwe kama vilivyo kwenye kadi, herufi kwa herufi. Majina yetu yenye sehemu tatu au nne, yaliyoandikwa kwa mpangilio mmoja hospitalini na mwingine uhamiaji, ndiyo yanayofanya ritani irudishwe. Mtoto wa pili ambaye hukumlipia kitu mwandike na sifuri, ili ukomo wako uwe 6,000. Juu ya fomu kuna visanduku A na B: A ni kwa wanandoa waliojaza mbalimbali lakini wanatimiza sharti la miezi sita, B ni kwa mwenzi mwanafunzi au asiyejiweza. Watu huvisahau.

Jibu la mwisho linahamia Jedwali la 3, mstari wa 2, na kutoka huko kwenye Fomu 1040. Programu itafanya yenyewe, lakini fungua ukaangalie kama namba imefika.

Ukitaka kujaziwa bure, vituo vya VITA vinavyofadhiliwa na IRS huwahudumia wenye kipato cha chini na cha kati. Simu ya kutafuta kilicho karibu ni 800-906-9887. Uliza kama wana mkalimani wa Kiswahili, na kama una yaya wa nyumbani waambie mapema, kwa sababu Jedwali H kwa kawaida liko nje ya kazi yao. Ukimlipa mjaza kodi, asaini ritani na aweke PTIN, namba yake ya mjaza kodi. Anayekujazia kisha anakuambia usaini peke yako kana kwamba umejaza mwenyewe, ondoka.

Hatua ya 7: Usisahau jimbo, wala miaka iliyopita

New York, Minnesota na Iowa zina nafuu zao za ulezi zinazorudishwa kama fedha kwa wanaostahili, zikifuata masharti ya kipato ya kila jimbo. Ndiyo maana yule mama wa 22,000 asitupe karatasi zake: sifuri ya shirikisho si lazima iwe sifuri ya jimbo. Texas, Tennessee na Washington hazitozi kodi ya mshahara, kwa hiyo hakuna ritani ya mshahara ya jimbo ya kuidaia.

Kama ulilipa ulezi miaka ya nyuma na hukudai, Fomu 1040-X inarekebisha ritani ndani ya miaka mitatu tangu ulipoiwasilisha. Utahitaji vitu vile vile, namba ya mlezi wa wakati ule na uthibitisho wa malipo, kwa hiyo mpigie simu kabla hajahama mji.

Na IRS ikikuandikia barua kuuliza malipo hayo, usiogope na usikae kimya. Soma tarehe ya mwisho ya kujibu, kisha tuma nakala, siyo karatasi halisi: W-10 au ankara, risiti au kurasa za benki, na kitu kinachoonyesha mtoto aliishi kwako, kama barua ya shule au ya daktari yenye anwani yenu. Jibu lifike kabla ya tarehe hiyo, kwa barua ya rejista, na risiti ya posta uibane pamoja na nakala zako.